Kioo Kipya, Sipiyu ya Zamani: Waya Umeingia, Picha Iko Wapi?

Kwenye steshenari za Mtwara mjini, kompyuta nyingi zimekula chumvi nyingi. Ni zile Dell Optiplex na HP Compaq zilizoingia nchini kama mtumba, zikapita Kariakoo, zikapakiwa kwenye basi kuja Kusini, na mpaka leo zinachapa barua za maombi ya kazi na kutoa nakala za vyeti. Tandahimba, Newala, Nachingwea, Ruangwa, kote huko utazikuta, kwenye ofisi za AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, na za walimu wakuu. Sipiyu za namna hii, yaani boksi lenyewe la kompyuta, hazifi upesi. Kinachotangulia ni kioo: kinaota mstari, kinafifia upande mmoja, na siku moja umeme unakatika na kurudi, chenyewe hakirudi.

Basi mwenye duka ananunua monita mpya. Anaigeuza nyuma, haoni lile tundu la bluu alilolizoea. Anarudi dukani, anauziwa adapta. Ncha moja inaingia kwenye sipiyu, nyingine kwenye monita, kila kitu kimekaa sawasawa. Anawasha. Kioo kinaandika "No Signal", kinazima.

Hapo maneno yanaanza. Mmoja atasema sipiyu imezeeka, haina nguvu ya kusukuma kioo cha kisasa. Mwingine atasema monita ni feki. Wa tatu atashauri Windows ipigwe upya, ushauri ambao hapa kwetu hutolewa kwa kila maradhi ya kompyuta. Na mara nyingi hakuna kilichoharibika hata kidogo. Adapta aliyouziwa ni ya kazi nyingine, na hilo lingeweza kujulikana kabla pesa haijatoka mfukoni.

Matundu manne na umri wake

Tuanze na majina, maana ugomvi mwingi unatokana na watu wawili kusema "ule waya wa kioo" huku kila mmoja akiwaza waya wake.

Tundu la bluu lenye vishimo 15 katika safu tatu, na skrubu mbili pembeni, ni VGA. IBM waliitoa mwaka 1987 pamoja na kompyuta zao za PS/2, wakati monita karibu zote za mezani zilikuwa za chogo, zile nene zenye mgongo mkubwa. Ndani ya waya wake, rangi nyekundu ina njia yake, kijani yake na bluu yake. Kila rangi inasafiri kama umeme mdogo unaopanda na kushuka kati ya sifuri na volti 0.7: ukipanda rangi inang'aa, ukishuka inafifia. Ishara ya aina hii, inayopanda na kushuka bila kukatika, ndiyo inayoitwa analogi.

DVI ni lile tundu pana, mara nyingi jeupe, lililokuja mwaka 1999. HDMI ndiyo unayoijua kutoka kwenye TV za flati. Toleo lake la kwanza ni la Desemba 2002. DisplayPort ilifuata mwaka 2006, na kwa mtu asiyeangalia vizuri inafanana na HDMI, isipokuwa kona yake moja imekatwa. HDMI na DisplayPort ni za dijitali: hazipelekei kioo umeme wa kupanda na kushuka, zinapeleka namba. Nukta hii nyekundu kiasi hiki, kijani kiasi hiki, bluu kiasi hiki, kisha nukta inayofuata. DVI ni kigeugeu, kwa sababu zipo zinazotoa dijitali peke yake na zipo zinazotoa zote mbili kwenye tundu hilohilo.

Kwa nini basi monita mpya hazina VGA? Desemba 2010 kampuni kubwa zikiwemo Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG zilitangaza pamoja kwamba zinaanza kuiacha VGA, na zikataja 2015 kama mwaka wa Intel na AMD kuiondoa kwenye bidhaa zao. Haikufa siku moja, bado ziko monita mpya za bei ya chini zinazokuja nayo. Ila kila mwaka zinapungua.

King'amuzi, na kwa nini upande wa kuchomeka una maana

Mkanganyiko huu Tanzania tumeshaupitia mara moja, kwenye televisheni. Mitambo ya analogi ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia Desemba 31, 2012, TV za chogo zilizokuwa zikifanya kazi jioni zilikosa picha. Hazikuwa mbovu. Matangazo yalikuwa yamekuwa namba, nazo zilijua umeme wa kupanda na kushuka tu. Ndipo kila nyumba ikanunua king'amuzi, kikakaa katikati, kikapokea namba na kutoa kile ambacho TV inakielewa. King'amuzi kilitaka umeme wake chenyewe. Na kilifanya kazi kwa mwelekeo mmoja: kuna upande wa kuingiza na upande wa kutoa, na ukivigeuza hupati kitu.

Sipiyu ya zamani na monita mpya ni shida hiyohiyo, ila imegeuzwa. Safari hii kinachotoa ndicho cha analogi na kinachopokea ndicho cha dijitali. Kati yao lazima kikae kifaa kinachofanya kazi kwelikweli: kinapima ule umeme wa VGA mamilioni ya mara kwa sekunde na kuuandika kama namba. Kifaa hicho mafundi wanakiita konveta. Kipande cha plastiki chenye plagi ya VGA huku na HDMI kule, bila saketi yoyote ndani, kinabadilisha umbo la tundu tu. Ishara inafika ilivyo, na monita haiitambui.

Sasa njoo kwenye kosa linalokula pesa za watu kuliko mengine yote. Madukani kuna konveta za aina mbili, na kwa macho ya haraka ni ndugu. Ya kwanza ni HDMI kwenda VGA. Hii imejaa kila mahali, kwa sababu wenye laptop mpya wanaihitaji kuunganisha projekta za zamani za shuleni na kumbini. Ya pili ni VGA kwenda HDMI, ambayo ndiyo unayoitaka wewe mwenye sipiyu ya zamani na kioo kipya. Ukifika dukani ukasema "nipe ya VGA na HDMI", nafasi kubwa utapewa ya kwanza. Itaingia vizuri ukiongeza waya mmoja au miwili, na haitaonyesha kitu hadi Kiyama.

Kuzitofautisha si kazi. Konveta ya VGA kwenda HDMI ina plagi dume ya VGA, yaani yenye pini zilizochomoza, kwa sababu inachomekwa moja kwa moja nyuma ya sipiyu. Upande wa pili ina tundu la HDMI. Halafu tazama mkia: mara nyingi ina kiwaya cha USB cha kuiletea umeme na tundu dogo la mviringo la sauti. Ile nyingine ni kinyume, HDMI ndiyo dume na VGA ndiyo tundu. Mkia wa USB usiudharau. Tundu la VGA halikutengenezwa kuendesha kifaa kingine, kwa hiyo konveta isiyochomekwa USB inabaki usingizini, na kioo kinaandika "No Signal" vilevile kana kwamba umeuziwa mbovu. Chomeka USB hiyo nyuma ya sipiyu. Yale matundu ya mbele mara nyingi yamelegea.

Aliyeko Masasi au Liwale akiagiza Dar ana sababu zaidi ya kuwa makini, maana kurudisha kifaa kidogo kwa basi kunaweza kugharimu karibu sawa na kifaa chenyewe. Aombe picha ya ncha zote mbili kabla ya kutuma pesa. Kwenye boksi, neno "input" ndilo la upande wa sipiyu na "output" la upande wa kioo. Zikiwa zimeandikwa kinyume na mahitaji yako, hata kama muuzaji anaapa kwamba "inafanya kote kote", iache.

Chungulia nyuma kwanza

Kabla ya hayo yote, vuta sipiyu ukutani na uifute vumbi kwa nyuma. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu watu wengi wananunua konveta wasiyoihitaji. Optiplex 780, 790 na 990, na HP Compaq kama 6000 Pro na 8000 Elite, zina VGA, ndiyo, lakini pembeni yake kuna tundu la DisplayPort ambalo limekaa miaka bila kuguswa. Wengine hudhani ni USB ya ajabu. Hilo tayari linatoa dijitali. Waya wa DisplayPort kwenda HDMI unatosha, hauhitaji mkia wa umeme, na picha yake ni safi kuliko itakayopita kwenye konveta ya VGA. Mwelekeo hapa pia una maana: waya huo unatoka DisplayPort ya sipiyu kwenda HDMI ya kioo, haurudi kinyume.

Ukikuta DVI, angalia ule ufa bapa pembeni mwa vishimo. Ukiwa peke yake, ni dijitali tupu. Ukizungukwa na vishimo vinne, inatoa zote mbili. Katika hali zote hizo mbili, waya wa kawaida wa DVI kwenda HDMI utakupa picha, kwa kuwa namba za DVI na za HDMI zinaelewana. Sauti usiitarajie.

Na kama nyuma ya sipiyu kuna makundi mawili ya matundu ya kioo, moja limesimama juu pamoja na USB na lingine limelala chini peke yake, la chini ni la kadi ya grafiki iliyoongezwa. Chomeka hapo. Kompyuta nyingi zikiona kadi hiyo huzima matundu ya juu, na fundi asiyejua atahangaika asubuhi nzima.

Picha imetoka, lakini si yenyewe

Tuseme picha imetoka. Sasa yanakuja malalamiko ya aina ya pili, na hapa ndipo penye mengi.

Kioo kimegeuka njano. Kumbuka kila rangi ya VGA ina njia yake. Nyeupe ikikosa bluu inakuwa njano. Ikikosa nyekundu inakuwa samawati ya kijani, na ikikosa kijani inakuwa zambarau ya waridi. Kwa hiyo kioo cha njano kinakuambia pini ya bluu imepinda au imeshika kutu, na huku pwani, kwa hewa ya chumvi ya Shangani na Mikindani, kutu haisubiri kualikwa. Chomoa, kagua pini, safisha kwa spiriti, acha ikauke, rudisha, kaza skrubu zote mbili. Jambo moja tu: ukiona pini ya nne ya safu ya kati haipo, usimtukane muuzaji. Hiyo ni pini namba 9, na nyaya nyingi nzima zimetengenezwa bila hiyo tangu kiwandani.

Maandishi yana ukungu. Monita ya flati ina idadi maalumu ya nukta, na zinazouzwa sana leo zina 1920 kwa 1080, yaani nukta 2,073,600. Kompyuta iliyozoea kioo cha mraba cha 1024 kwa 768 inatuma 786,432. Kioo kinalazimika kuzivuta hizo chache zijaze nafasi inayozidi mara mbili na nusu, na kwa kuwa chenyewe ni kipana, kinazivuta zaidi kwa upana. Ndiyo maana picha ya pasipoti inatoka na mashavu. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya kioo ndani ya Windows na kuchagua 1920 kwa 1080. Kama monita imeunganishwa kwa VGA moja kwa moja, ongeza hatua moja: bonyeza kitufe chake cha "Auto" ili ijipange upya na ishara.

"Lakini hiyo 1920 kwa 1080 haimo kwenye orodha." Hapa kuna sababu mbili za kutazama. Ya kwanza ni draiva ya grafiki, ile programu inayoijulisha Windows namna ya kutumia chipu yake ya picha. Bila hiyo Windows inatumia njia ya dharura yenye machaguo machache. Windows ikipigwa haraka haraka na draiva zikaachwa, matokeo ndiyo hayo. Ya pili haijulikani sana. Tangu miaka ya 1990 monita hujitambulisha kwa kompyuta: kuna taarifa fupi ya baiti 128 inayosema naitwa fulani, nina nukta kadhaa, naweza kasi hii na hii. Kwenye VGA taarifa hiyo hupita pini namba 12 na 15. Waya wa bei chee ukiwa umeziruka pini hizo, au konveta ikiwa haiipitishi, kompyuta haijui imeunganishwa na nini. Windows itaiita "Generic Non-PnP Monitor" na kujizuia kwenye machaguo ya tahadhari. Ukiliona jina hilo, badilisha waya kabla ya kugusa kitu kingine.

Ujumbe wa tatu unaotisha watu ni "Input Not Supported" au "Out of Range". Huu ni tofauti kabisa na "No Signal". Unamaanisha ishara imefika, ila kwa kasi ambayo kioo hakiiwezi. Monita za chogo zilipendeza zikichora picha mara 75 au 85 kwa sekunde, maana kwa mara 60 zilikuwa zinamemeta na kuumiza macho. Flati nyingi zinataka mara 60. Kompyuta iliyoachwa kwenye 85 tangu enzi za chogo itaendelea kutuma 85 kwa kioo kipya. Kwa mwenye kioo cha zamani kinachowaka japo kwa tabu, njia rahisi ni kukirudisha, kushusha kasi hadi 60, kuzima, kisha kuchomeka kipya. Asiye nacho abonyeze F8 wakati wa kuwasha Windows XP au 7 na achague njia ya picha ya kiwango cha chini, arekebishe humo. Kwa hiyo usikimbilie kuuza kioo cha zamani siku ileile unayoleta kipya.

Yanayosemwa vijiweni

Kwamba monita mpya inaweza kuunguza kompyuta ya zamani: ishara ya VGA ni volti 0.7, haiunguzi chochote. Kinachounguza vifaa ni umeme wa ukutani unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, na huo hauulizi kama kifaa ni kipya au cha zamani. Pesa unayotaka kuitumia kwenye waya wa dhahabu itumie kwenye kilinda umeme.

Na huo waya wa dhahabu wenyewe: kwa HDMI fupi ya mita moja au mbili, namba zikifika zimefika. Waya wa bei kubwa hauziongezi weupe. Kwa VGA ni kweli kidogo kwamba waya mrefu na mwembamba unatia ukungu na vivuli pembeni mwa herufi. Mfupi na mnene unatoa 1920 kwa 1080 ya kusomeka vizuri tu, kwa hiyo anayesema VGA siku zote ni mbovu amezidisha.

Kwamba ukinunua kioo cha 4K picha itakuwa kali hata kwa sipiyu ya zamani: hapana. 4K ni nukta 3840 kwa 2160, mara nne ya zile za 1920 kwa 1080. Konveta nyingi za VGA zinaishia kwenye 1920 kwa 1080, na kioo kitavuta nukta moja kuwa nne. Umelipia uwezo ambao hautafika.

Kuhusu sauti, VGA haibebi sauti kabisa. Spika za monita zitabaki kimya mpaka upitishe waya wa sauti kutoka tundu la kijani la sipiyu hadi kwenye konveta au kwenye monita yenyewe.

Wengi hapa hawanunui monita, wanatumia TV ya flati. Inafaa. Kagua kwanza nyuma yake, maana TV nyingi za miaka iliyopita bado zina tundu la VGA lililoandikwa "PC", na hapo huhitaji konveta yoyote. Ukitumia HDMI na ukaona kingo zimekatwa, kitufe cha Start kimefichika nusu, tafuta kwenye menyu ya picha neno kama "Just Scan" au "Screen Fit". Na kwa TV au monita, kitu cha kwanza kabisa kuhakikisha ni kitufe cha "Source" au "Input". Kioo kilichoambiwa kisikilize HDMI 2 hakitaona kilichochomekwa HDMI 1. Mafundi wanaitwa kwa hilo na wanalipwa nauli.

Mwenye laptop iliyovunjika kioo akiunganisha cha nje asione kitu, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi P mara mbili au tatu, akisubiri kidogo na kumalizia kwa Enter. Kwa laptop za kabla ya Windows 7 ni Fn pamoja na kitufe chenye alama ya vioo viwili.

Kadi ya grafiki

Ipo njia ya tatu kwa mwenye sipiyu yenye VGA peke yake: kuongeza kadi ndogo ya grafiki yenye HDMI, kama zile za GT 710 ambazo zinakula takriban wati 19 na hazitaki waya wa ziada wa umeme. Kwa steshenari inayotegemea kompyuta moja kutwa nzima, mimi ningeichagua kuliko konveta, kwa sababu haina mkia wa kulegea. Pima kwanza kimo cha sipiyu. Zile nyembamba zinataka kadi fupi yenye bati fupi la nyuma, na wauzaji husahau kuliweka ndani ya boksi. Fungua pia uone nafasi ya ndani ya kuchomekea kadi, inatakiwa iwe ya aina iitwayo PCI Express, tena ndefu. Sipiyu za kabla ya 2004 zina nafasi ya aina ya zamani, AGP, na kadi hiyo haitaingia hata ukiisukuma. Kwa hizo inabaki konveta, au monita ya mtumba yenye tundu la bluu.